Ulitobolea wapi?

Daladala ilitoka Buhongwa, hapa Mwanza, imejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa nimebanwa kiti cha dirishani, ziwa likinijia na kupotea upande wa kushoto. Tulipofika Mkuyuni nikahisi kidole kinanigusa begani.

"Samahani dada. Hicho kihereni cha juu kimekupendeza kweli. Ulitobolea wapi?"

Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, begi la chuo mapajani, masikio yake yenyewe yana vihereni vidogo vya kawaida. Nikamjibu neno moja.

"Dar."

"Aah, Dar mbali." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kama anayejisemea, "Basi nitaenda tu kwa yule kaka wa mjini. Wanamsifia."

Huyo kaka namjua. Nakijua kibanda chake, kioo chenye ufa, na kiti cha plastiki cha bluu ambacho mguu mmoja umefungwa waya. Tulishuka kituo kimoja, mimi na yule binti. Yeye akavuka barabara, mimi nikadandia gari ya Kirumba kwenda kazini.

Sikusema kitu.

Zimepita wiki sita. Nakaa ghalani nahesabu magunia ya dagaa, nakosea hesabu, naanza upya, na katikati ya hesabu namwona yule binti anavuka barabara.

Elfu kumi na hereni juu yake

Ni kweli tundu nililonalo sasa lilitobolewa Dar. Ila ni la pili. La kwanza lilitobolewa hapahapa Mwanza, Desemba 2023, wiki ya Krismasi, kwenye kile kiti cha bluu.

Matundu ya chini siyakumbuki yalivyotobolewa. Bibi alinitoga nikiwa mchanga, kwao Nansio, kwa sindano ya kushonea aliyoipitisha kwenye moto, halafu akaacha tunduni kipande chembamba cha mshipi wa kuvulia mpaka pakapona. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nadhani naukumbuka ule mshipi. Kwa hiyo kichwani mwangu kutoboa sikio lilikuwa jambo la dakika tano na mafuta kidogo. Juu au chini, si sikio lilelile?

Mama alipinga kwa swali moja tu: "Mungu alikupa matundu saba kichwani, wewe yakaonekana hayatoshi?" Nikacheka. Hata hivyo wanawake wa pwani walikuwa wakitoga ukingo mzima wa sikio na kutia vipuli kabla hata bibi yangu hajazaliwa, nikamwambia. Akaniambia mimi si wa pwani.

Yule kijana alinipokea vizuri. Alipaka spiriti, akaweka nukta kwa kalamu ya wino, akanipa kioo niikubali, akapulizia kitu kutoka kwenye kichupa cha plastiki. Kisha akatoa mashine. Mnaijua: kibastola cheupe cha plastiki chenye springi, hereni inakaa mdomoni kama risasi.

"Tulia dada angu, ni sekunde."

Maumivu yalikuwa ya kuvumilika. Mlio ndio uliobaki. Ukishatafuna gegedu la kuku, ule mfupa laini, unaujua, ila wa kuku unatoka mdomoni mwako, na huu ulikuwa unaingia kichwani.

Shilingi elfu kumi, na hereni juu yake. Maagizo: izungushe asubuhi na jioni, paka spiriti, baada ya wiki mbili badilisha uweke unayotaka. Nikashukuru. Nikaongeza elfu moja ya soda.

Siku ya tatu nikawa mshauri

Hapa ndipo panaponiuma kuliko sikio lenyewe lilivyowahi kuniuma.

Siku ya tatu sikio lilikuwa zuri ajabu. Halijavimba, haliumi, kihereni kinang'aa. Nikapiga picha kwa upande, nikaweka status. Wakaulizia watu kumi hivi. Wawili nikawapeleka.

Wa kwanza ni dada ninayefanya naye kazi ghalani. Wa pili ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa Igoma. Huyu nilimsindikiza mwenyewe. Nilimshikia mkono. Nikamwombea punguzo, kijana akashuka mpaka elfu nane, nikajiona mtu mwenye faida kwenye ukoo.

Siku tatu tu. Kwa ushahidi wa siku tatu nilimtoboza mtoto wa watu sikio.

Chandarua

Usiku wa tisa niligeuka usingizini na chandarua kikanasa nyuma ya hereni. Kile kifungio cha nyuma kina umbo la kipepeo, mabawa yake yana ncha, na vitundu vya chandarua ni kama vimeumbwa kwa ajili yake. Niliamka nimening'inia sikio, nalia gizani, naogopa kuvuta na naogopa kuachia. Nilikata chandarua kwa mkasi. Lile shimo bado lipo, nimelishona kwa uzi mwekundu.

Siku tatu mbele nikaenda kusuka. Msusi alijitahidi, lakini ukisuka rasta kuzunguka sikio bichi ni lazima mkono upite, na mwisho nywele zikachovywa kwenye maji ya moto, mvuke na matone vikanipata. Jioni yake sikio likaanza kupiga kama moyo.

Nikafanya nilichoambiwa. Nikazungusha. Kila nikizungusha, ugaga uliokauka unakwaruza tundu upya, nami napaka spiriti juu yake, na kwa vile inachoma naamini inasafisha. Kufikia asubuhi ya tatu ukingo wote wa juu ulikuwa umevimba, unang'aa, wa moto. Kipepeo kilikuwa hakionekani tena nyuma. Nyama ilikuwa imekimeza.

Mama aliniangalia akatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa." Hakuwa anatania, ingawa wote tuliokuwa sebuleni tulicheka, mimi kwa upande mmoja wa uso.

Duka la dawa wakanipa amoksilini. Nikameza siku nne. Sikio likaendelea na mambo yake.

Bomba halijapanda

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye haraka. Kabla ya kuligusa lile eneo lililovimba alishika ndewe, pale chini kwenye nyama, akaibonyeza.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Umeona? Juu kote kumewaka, chini pametulia. Chini hakuna gegedu. Ugonjwa wako uko kwenye koti la gegedu."

Akanieleza huku anavaa glavu. Ndewe ina mafuta na damu ya kutosha, ikiumia mwili unaleta msaada upesi, wiki sita mpaka nane imepona. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja ndani yake. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika. "Unazijua zile nyumba za juu kabisa kwenye mawe, ambako bomba halijapanda? Watu wanabeba ndoo. Gegedu linaishi hivyo, kwa ndoo. Sasa usaha ukijaa kati ya utando na gegedu, njia ya ndoo imefungwa. Likikaa na kiu siku kadhaa linakufa, na likifa halioti tena. Sikio linasinyaa kama uyoga uliokaushwa."

Ndiyo maana, akasema, tundu la juu linahitaji miezi sita mpaka mwaka mzima, hata likionekana limepona. Ngozi hufunga haraka kwa nje, ndani bado ni kidonda.

Alichana kidogo, akakitoa kipepeo na usaha wake, akanibadilishia dawa kuwa siprofloksasini. Bakteria anayependa kushambulia gegedu baada ya kutobolewa anaitwa Pseudomonas, na amoksilini haimtishi hata kidogo. Ni mdudu wa majimaji. Anaishi kwenye sinki, kwenye maji yaliyotuama, kwenye chochote chenye unyevu.

Nikakumbuka kile kichupa cha kupulizia.

Zile wiki nililala chali kama maiti, simu mkononi, nikisoma. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon kule Marekani, watu saba waliotobolewa gegedu kwenye kibanda kimoja, kwa kibastola cha springi, walithibitishwa kuambukizwa mdudu huyohuyo. Wachunguzi walimkuta kwenye chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Chupa ya usafi ndiyo ilikuwa inawapulizia ugonjwa.

Sijui kama wangu ulitoka kwenye kichupa, kwenye vidole vyangu, kwenye maji ya msusi au kwenye bafu langu. Siwezi kumhukumu mtu kwa hilo. Lakini mashine yenyewe ina kasoro mbili ambazo hazihitaji ushahidi wa maabara. Ni ya plastiki, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye mtungi wa mvuke ambao hospitali husafishia vyuma vyake, inafutwa tu. Na hereni yake ni butu, inapita kwa nguvu za springi. Kwenye nyama ya chini inasamehewa. Kwenye gegedu inaponda.

Punje ya mahindi

Mdogo wangu hakupata usaha wala homa. Mwezi wa kwanza nilimwonea wivu.

Mwezi wa tatu alinipigia, akasema kuna kinundu nyuma ya tundu. Mimi, ambaye wakati huo nilijiona bingwa wa masikio, nikamwambia atakuwa anakilalia, aoshe na maji ya chumvi kitapotea. Na si kwamba nilitunga; vinundu vingi vya kutoboa ni hasira tu za kidonda, ukiondoa kinachokichokoza vinanywea. Hiki hakikunywea. Kilikuwa kama punje ya mahindi, kikawa kama njugu mawe, kikatoka nje ya mipaka ya kidonda na kuendelea na safari.

Hiyo ni keloidi. Kovu lisilojua pa kuishia.

Daktari alimwuliza kama kwao kuna mwenye kovu la namna hiyo. Mama mdogo akavuta mkono wa blauzi bila kusema. Begani, pale tulipochanjwa chanjo ya kifua kikuu, ambapo mimi nina kialama bapa kama sarafu, yeye ana mlima mdogo unaong'aa. Mdogo wangu naye anao, mdogo zaidi. Miaka yote tumekuwa tukiuona tukivaa magauni ya harusi. Hakuna aliyewahi kuusoma.

Keloidi hupenda ukoo, hutupata sana sisi weusi, na hupenda umri uleule ambao mtu anataka kupendeza, kati ya miaka kumi na thelathini. Kuikata tu ni kuichokoza. Mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa. Kwa hiyo anachomwa sindano za steroidi palepale kwenye kovu, kila baada ya wiki nne hivi. Anasema zinauma kuliko kutobolewa. Imepungua. Haijaisha. Mtandio ameuteremsha mpaka shavuni, na kwenye picha za familia anasimama kulia kwangu ili sikio lake liwe nyuma ya bega langu.

Hajawahi kunilaumu.

Ningependa anilaumu.

Dar

Kwa nini nikatoboa tena? Mama aliniuliza hilo na sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Tundu la kwanza lilifunga, sikio likapona likabaki na kijikunyanzi, na nilikuwa nakigusa kila siku kama mtu anayegusa jino lililong'oka. Ukitaka uzuri sharti udhurike, wanasema wazee, lakini mimi nilikuwa nimeshadhurika na uzuri sikuupata. Labda nilitaka changu. Oktoba 2024 nilikuwa Dar kikazi, nikaenda.

Nililipa elfu themanini. Naitaja bei kwa sababu bila bei maelezo haya yote ni majivuno. Fundi alifungua mbele yangu sindano yenye uwazi katikati, ya matumizi ya mara moja, na kipini cha titani chenye kitako bapa, hakina kipepeo. Kabla ya yote aliomba kuliona bega langu. Bega! Aliangalia alama ya chanjo, akaniuliza kuhusu ndugu zangu. Nikamweleza habari za mdogo wangu, akakaa kimya, akasema hatari ipo na uamuzi ni wangu. Nikaamua. Kipini aliniwekea kirefu makusudi, kiache nafasi ya uvimbe, na baada ya wiki nane nikawekewa kifupi.

Matunzo yalikuwa karibu na hakuna. Maji ya dripu, ile chumvi ya asilimia 0.9 inayouzwa duka lolote la dawa, mara mbili kwa siku, unakausha, basi. Hakuna spiriti. Hakuna kuzungusha. Hakuna kuogelea ziwani, hata Pasaka wenzangu walipokuwa wanarukia majini mbele ya macho yangu. Chandarua nilikigeuzia upande, na kusuka nikaacha, nikakaa na nywele fupi miezi tisa. Watu wakanisifia nywele.

Kwa hiyo nilipomwambia yule binti "Dar," nilisema kweli.

Nilikuwa nimeificha Mwanza nyuma ya Dar. Kusema yote kungenilazimu kusema na habari ya mdogo wangu, na ndani ya daladala, kati ya Mkuyuni na Igogo, nikaona heri nionekane dada aliyetobolea Dar.

Kiti cha bluu

Jumamosi iliyopita nikaenda. Nilimwomba mdogo wangu twende wote, akakataa, lakini akakubali nimpige picha. "Sikio tu. Uso usionekane."

Kijana alinikumbuka, au alijifanya. Akanivutia kiti. Nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza, akaikuza tena.

"Huyu nani?"

"Yule niliyekuletea Desemba. Ulimpunguzia mpaka elfu nane."

Alikaa kimya muda mrefu. Mteja akaja kununua mkufu, akamhudumia, akarudi.

"Mbona hakurudi kunionyesha?"

"Arudi umfanyie nini?"

Akaniambia, bila ukali, kwamba amefanya kazi hii mwaka wa tano na mimi ni wa kwanza kuja na lalamiko. Nikamwamini. Yule mwenzangu wa ghalani alipona salama na amesharudi kununua hereni mara mbili, yeye anaonekana. Mimi nilikwenda duka la dawa. Mdogo wangu alikwenda kwenye mtandio. Wanaopona wanarudi kibandani, na kijana anahesabu wanaorudi. Ningekuwa mimi ningehesabu vivyo hivyo. Nilihesabu siku tatu.

Nikamweleza habari ya nyumba za mlimani na ndoo. Alisikiliza kweli. Akawasha tochi ya simu akalimulika sikio langu kwa nyuma, akaona ule wekundu wa nyama kule chini na kivuli cha gegedu kule juu.

"Unasema huu mfupa hauna damu. Mbona nikitoboa damu inatoka?"

"Ya ngozi."

"Ahaa."

Kisha akauliza bei ya kipini cha titani. Nikamtajia. Kipini peke yake kilikuwa kimepita bei yake ya kutoboa na hereni na soda. Akacheka, akaweka mashine mapajani. "Dada angu, nikisema ya juu sitoboi, mteja anavuka kwa jirani. Jirani anatumia pini."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na picha na habari za Oregon, sikuwa na jibu la jirani.

Tukiwa tumekaa hivyo wakaja wasichana wawili wameshikana mikono.

"Kaka shikamoo. Ya huku juu bei gani?"

Kijana akanitazama. Mashine ilikuwa mkononi, ameshaipakia hereni.

"Ya juu mashine mbovu leo," akasema. "Za chini zipo."

Wakatazamana, wakacheka, wakashukuru. Wakavuka.

"Umeona?" akaniambia.

Nikachukua mkoba wangu nikavuka nyuma yao, nikikimbia kidogo kwa sababu bodaboda zilikuwa zinakuja.

"Samahani wadogo zangu."